Umejuaje? Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, Kigoma

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa chuo chetu hapa Kigoma, mbele ya wanafunzi wapya wa ualimu wa masomo ya sanaa, maendeleo ya jamii, uhasibu na uandishi wa habari. Wengine walikwamishwa na mvua, wakaniomba niiandike yote. Nimeiacha kama nilivyoisema, ila picha nilizoonyesha ukutani nimeziruka.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja kutusikiliza, na ninyi wanangu mnaoanza safari: habari za asubuhi?

Nimeombwa nizungumzie somo ambalo wengi wenu mlipoliona kwenye ratiba mlikunja uso. Sayansi ya jumla. Juzi nilikuwa kwenye foleni ya chai pale kantini, nikamsikia kijana mmoja akimwambia mwenzake: "Mimi nimesoma HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Fizikia nimeikimbia tangu kidato cha pili. Leo wananirudishia ya nini?" Sikugeuka. Lakini swali lake nimelala nalo siku tatu, na leo nimekuja nalo hapa, kwa sababu ni swali la haki. Mhasibu ana shida gani na jani la muhogo? Afisa maendeleo ya jamii kule Kakonko au Uvinza, joto la maji ya ziwa linamhusu nini?

Jibu langu ni neno moja, na asubuhi hii yote nitakuwa nalizunguka hilo hilo. Umejuaje?

Mtu akikwambia jambo, lolote, liwe la dawa, la mvua, la samaki au la bei ya mbolea: umejuaje? Nani aliona? Aliona mara ngapi? Alipima kwa nini? Kama angekuwa amekosea, angegunduaje? Sayansi mtakayofundishwa hapa ni mazoezi ya kuuliza hivyo, na mazoezi magumu zaidi ya kuulizwa hivyo bila kukasirika.

Nianze na mimi mwenyewe. Nimefundisha Kemia na Baiolojia kwa miaka 31, lakini shule niliyosoma haikuwa na maabara. Kulikuwa na chumba kilichoandikwa "Maabara" mlangoni, na ndani yake magunia ya mahindi ya shule. Mwalimu aliandika ubaoni kwamba mmea hutengeneza wanga kwa kutumia mwanga wa jua. Tukanakili. Tukakariri. Mtihani ulipokuja tukatapika kila kitu kama kilivyo, nami nikafaulu vizuri sana. Nilifaulu somo la uhai bila kuwahi kushika jani kwa nia ya kuliuliza kitu.

Nikaenda chuo cha ualimu. Mkufunzi mmoja akatupa mche uliopandwa kwenye kopo la rangi, akatuambia tuufungie kabatini siku mbili, gizani kabisa, ili umalize wanga wote uliokuwa umehifadhi. Siku ya tatu kila mmoja akachagua jani lake. Mimi nikakata ukanda wa karatasi nyeusi kwa mkasi butu, mkono ukateleza katikati, ukanda ukapinda. Nikaubana hivyo hivyo kwenye jani kwa pini za karatasi, tukautoa mche juani asubuhi mpaka saa nane mchana.

Kisha tukalichuma jani, tukalichovya kwenye maji yanayochemka, tukalitia kwenye spiriti ndani ya neli, na neli tukaisimamisha kwenye maji ya moto, maana spiriti ikikaribia mwali hulipuka. Rangi ya kijani ikatoka jani likiwa linatazamwa, ikahamia kwenye spiriti. Jani likabaki jeupe, kavu, linalotaka kuvunjika kama bawa la kumbikumbi. Tukalilainisha kwa maji ya vuguvugu, tukalitandaza kwenye sahani nyeupe, tukalidondoshea iodini, rangi yake kama chai ya rangi.

Nikasubiri. Jani likaanza kugeuka bluu-nyeusi kutoka pembeni, wingu linalotanda. Na katikati ukabaki mstari wa rangi ya kahawia ambao haukugeuka. Ulikuwa umepinda. Umepinda pale pale mkasi wangu ulipoteleza.

Wanangu, machozi yalinitoka. Jambo nililokuwa nimelikariri miaka minne lilikuwa sasa limeandikwa kwenye jani kwa mwandiko wa mkono wangu mwenyewe. Palipofikiwa na jua pana wanga, palipofunikwa hapana. Hakuna mtu yeyote, hata awe profesa, angeweza kunitoa pale. Na hapo nikatambua nilichodhulumiwa pale shuleni: nilipewa jibu, nikanyimwa njia ya kulifikia. Ndiyo maana siwezi kukaa kimya nikimwona kijana wa miaka 20 anaondoka chuoni akiwa amenyimwa vile vile, eti kwa sababu yeye ni wa sanaa.

Nani alisema mtu wa sanaa haihitaji sayansi? Mwalimu Nyerere alipotoka Makerere mwaka 1945 alikuja huku huku kwetu magharibi, Tabora, akafundisha shule ya Mtakatifu Maria. Na Baiolojia ilikuwa miongoni mwa masomo aliyofundisha. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuja kuitafsiri Juliasi Kaizari, tamthiliya ya Shakespeare, kwa mashairi ya Kiswahili. Hakuona kwamba kichwa kina vyumba viwili na ufunguo mmoja.

Sasa twendeni jikoni.

Hapa ukumbini ni nani hajala ugali wa muhogo? Sioni mkono. Bibi yangu mzaa mama, kule Heru Juu, Kasulu, alikuwa akilima muhogo mchungu. Anaumenya, anauloweka mpaka ulainike na kutoa ile harufu mnayoijua, anautoa, anaukamua, anauvunjavunja, anauanika, ndipo unatwangwa. Nilikuwa mtoto mwenye njaa, nikamuuliza: "Bibi, kwa nini siku nne? Kwani siku moja haitoshi?" Akanijibu: "Ndivyo tulivyofanyiwa na sisi."

Lile jibu liliwalinda watu vizazi na vizazi, na mimi nalisimamia kwa heshima. Lakini sikilizeni yaliyotokea mahali pengine. Mwaka 1981, kaskazini mwa Msumbiji, ukame uliua mazao yote isipokuwa muhogo mchungu. Watu wana njaa, watoto wanalia, hakuna wa kusubiri. Hatua za kuuandaa zikakatwa. Zaidi ya watu 1,000, wengi wao watoto na wanawake, waliamka miguu imekakamaa, wengine haikuwabeba tena. Haikupona. Mwaka 1985, baada ya ukame, ugonjwa ule ule ukaonekana kwetu Tanzania, wilayani Tarime. Unaitwa konzo, jina lililotoka kwa Wayaka wa Kongo, maana yake ni kufungwa miguu. Daktari Trolli alikuwa ameuandika huko Kongo tangu mwaka 1938.

Kwa nini? Ndani ya muhogo mchungu mna kitu kinachoitwa linamarini. Chenyewe kimetulia. Lakini mna pia kimeng'enya, yaani kitu chenye uwezo wa kukivunja, kimetengwa mbali nacho, kila kimoja na chumba chake. Muhogo ukilainika kwa kulowekwa, au ukikunwa, kuta za vile vyumba huvunjika, viwili hivi hukutana, na sumu ya sianidi hutolewa. Hutolewa iende zake: majini na hewani. Kwa hiyo bibi anapoloweka anaitoa sumu kwa makusudi, kabla haijaingia tumboni. Ukiumenya tu na kuuanika haraka juani, kuta nyingi hubaki nzima, na sumu inabaki ikikusubiri.

Tena kuna jambo la pili. Mwili una uwezo wa kuivunja nguvu sianidi kidogo, lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa, na salfa hiyo tunaipata kwenye vyakula vya protini: samaki, maharage, nyama. Sasa umeelewa kwa nini ugali wa muhogo na dagaa ni ndoa nzuri? Na umeelewa kwa nini konzo huwakamata maskini wakati wa ukame, wanapokula muhogo mtupu asubuhi na jioni?

Nimekaa sana kwenye muhogo kwa makusudi, hasa kwa ajili yenu ninyi wa maendeleo ya jamii. Bibi alijua namna. Hakuwa ameambiwa sababu. Na asiyejua sababu, siku ya shida ikifika, hawezi kujua ni hatua gani inaweza kukatwa na ni ipi haikatwi kamwe. Wewe utatumwa kijijini mwaka wa njaa. Utakuta mama ana watoto watano na gunia la muhogo mbichi. Utamwambia nini? "Serikali imesema loweka"? Au utakaa naye, umweleze kuta na vyumba, kwa Kiha chake, mpaka aseme "kumbe"? Ili umweleze, lazima uwe umeelewa wewe kwanza.

(Hapa mama mmoja mzazi alisimama akasema kwao huukuna kwanza kisha wakaufunika usiku kucha. Nikamjibu kwamba anavunja kuta kwa njia nyingine. Alipigiwa makofi, na aliyastahili.)

Sasa nataka niwatoe hofu ya pili, ile inayosema sayansi ni ya wenye vichwa vya ajabu. Kutoka hapa Kibirizi ukipanda boti kuelekea kaskazini unafika Gombe. Tarehe 14 Julai 1960 alishuka pale binti wa Kiingereza wa miaka 26, Jane Goodall, ameongozana na mama yake. Hakuwa na shahada. Alikuwa na darubini, daftari na uvumilivu. Miezi ya mwanzo sokwe walimkimbia kila alipowasogelea. Akawa anapanda kilele na kukaa, anatazama kwa mbali, anaandika. Novemba mwaka huo huo akamwona sokwe dume, yule aliyempa jina David Greybeard, amekaa kwenye kichuguu. Anachoma kijiti cha jani tunduni, anasubiri, anakichomoa kimejaa mchwa, anakipitisha mdomoni. Baadaye akawaona wakivunja vitawi na kuondoa majani kwanza, yaani wanatengeneza chombo.

Wakati huo vitabu vilisema kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake. Umejuaje? Hakuna aliyekuwa amekaa kwenye kichuguu cha Gombe muda wa kutosha kuuliza.

Lakini sehemu ya hadithi hii ninayoipenda zaidi inatuhusu sisi. Mei 1975 waasi walivuka ziwa kutoka upande wa pili, wakawateka wanafunzi wanne pale Gombe. Wageni wakaondolewa. Kazi ikafa? Haikufa. Waliobaki nayo ni wafanyakazi wa Kitanzania, wanaume wa vijiji vya pwani ya ziwa hili, wengi wao bila elimu ya juu. Kila alfajiri waliamka, wakamfuata sokwe mmoja kutoka kiotani mpaka kiota cha jioni, wakiandika: saa ngapi, amekula nini, amekutana na nani. Miaka ile ndiyo sokwe wa kundi moja walikuwa wakiwaua wenzao wa kundi lililojitenga, mmoja baada ya mwingine. Yaliandikwa. Goodall mwenyewe alikiri kwamba yalimuumiza, kwa kuwa alikuwa amewadhania sokwe kuwa wapole kuliko sisi. Hakuyafuta. Wangapi wetu tungeyafuta?

Ninyi waandishi wa habari mnanisikia? Kuandika ulichokiona, hata kama ulitamani uone kingine. Huo ndio uti wa mgongo wa fani yenu, na vijana wa Mwamgongo na Bubango walikuwa nao porini, mfukoni mna penseli tu.

Hesabu nitaigusa haraka. Hakuna atakayewadai milinganyo mirefu. Mtadaiwa wastani, asilimia, na kusoma mchoro wa takwimu bila kudanganywa nao. Wahasibu mtatusaidia wengine.

Nimefika kwenye ziwa, na hapa naomba msinizie.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina kikubwa kuliko pote. Duniani, ziwa linalolizidi kina ni Baikal la Urusi tu. Karibu moja ya sita ya maji yote yasiyo ya chumvi yaliyo juu ya nchi, ukiacha barafu, yamo humu, tunagawana sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Ukilitazama kutoka Bangwe unaona utajiri usiokwisha. Lakini samaki wako wapi ndani ya maji hayo yote? Juu tu. Ukishuka mita 100 mpaka 200 hivi, oksijeni inaisha. Chini ya hapo ni giza na maji ambayo dagaa hawezi kuishi ndani yake. Tunavua kwenye ngozi ya ziwa.

Na huko chini ndiko iliko mbolea. Kila kinachokufa juu huzama na kuoza huko. Ili mbolea irudi juu kulisha mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ile inayoliwa na vidudu vya majini, vinavyoliwa na dagaa, wanaoliwa na migebuka, lazima maji yachanganyike. Mchanganyaji mkubwa ni upepo wa kusini wa kiangazi. Unayasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini maji ya chini yanapanda kuchukua nafasi yake.

Sasa basi. Maji ya chini yana joto la nyuzi 23 na kidogo. Ya juu yana nyuzi 25 mpaka 27. Tofauti ya nyuzi mbili tatu nne, ambayo ukichovya mkono huenda usiitambue. Lakini maji ya moto ni mepesi, huelea juu ya ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Kadiri ya juu yanavyozidi kupata joto, ndivyo upepo unavyoshindwa kuyachanganya, na mbolea inabaki imefungiwa chini. Mwaka 2003 watafiti walichapisha vipimo vilivyoonyesha jambo hilo linatokea, wakakadiria kwamba uzalishaji wa ile mimea midogo umepungua kwa takriban asilimia 20.

Wengine wakabisha. Wakasema samaki wamepungua kwa sababu ya uvuvi, acheni kusingizia jua. Ubishi mzuri! Mngeuamuaje? Fikirini kidogo kabla sijasema.

Waliyauliza matope. Chini ya ziwa matope hujipanga tabaka juu ya tabaka, mwaka hadi mwaka, na ndani yake hubaki mabaki ya samaki. Watafiti wakatoa nguzo za matope, wakahesabu. Mwaka 2016 wakachapisha: mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaanza katikati ya karne ya 20, yakienda sambamba na kuongezeka kwa joto. Maana yake uvuvi hauna kosa? Hapana. Maana yake ni kwamba wavuvi wengi zaidi wanagombea sahani inayosinyaa.

Mnakumbuka mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti? Mnakumbuka mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, palivyokuwa? Mchuuzi wa dagaa analia mkopo, mvuvi anasema samaki wa Mungu hawaishi, mtu wa serikali anasema wataisha. Kila mtu ana hakika. Mimi nilikaa pale Katonga jioni moja, nikawasikiliza mpaka taa zikawashwa, na sikumsikia hata mmoja akimuuliza mwenzake: umejuaje?

Na nani huamua mambo ya ziwa hili? Nani huandika sheria ndogo za ukubwa wa macho ya nyavu? Nani hugawa mikopo ya boti? Nani hutangaza redioni? Mtafiti wa samaki hupima na kuandika taarifa. Anayeamua ni diwani, mtendaji wa kata, mwanasheria, mhasibu wa halmashauri, mtangazaji. Ni ninyi. Taarifa itawekwa mezani kwako ina neno oksijeni, ina mchoro, ina asilimia. Utaisoma, au utaipiga muhuri kwa sababu mwenzako amepiga?

Kijana wa HGL wa kantini, nimekujibu. Nimekuomba darasani kwa sababu nakuhitaji mezani.

Basi tuanze kazi. Jumamosi ijayo saa kumi na mbili asubuhi tunakutana mwaloni Kibirizi, boti zikiwa zinarudi. Kila mmoja aje na daftari lenye safu mbili. Ya kwanza: nilichokiona au kukipima. Ya pili: nilichoambiwa, na nani, naye alijuaje. Mtawauliza wavuvi kwa adabu, mtawasalimu kwanza, na mtasaidia kushusha makasha kabla ya kuuliza chochote. Vipimajoto tunavyo sita tu, kwa hiyo vikundi vitapokezana: maji ya juu, kisha maji ya chupa itakayoshushwa kwa kamba mita 50. Vaeni viatu vinavyoweza kulowa. Tutakuwa na mizani pia, nayo ni nzito kidogo. Yule kijana wa HGL, kama yumo humu, namwomba anisaidie kuibeba.